Sumaku Kwenye Udongo Mweupe

Vikombe vyote vilitoka tanurini vina madoa meusi. Mwanahija akawaita wafinyanzi wenzake waje waone udongo anaoletewa na Bi Kidawa.

"Anatuchimbia uchafu," alisema, na mama wa watu amesimama palepale na kikapu chake.

Akachukua sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, akaizamisha kwenye ndoo ya udongo uliochekechwa, akakoroga taratibu. Ilipotoka ilikuwa imeota manyoya ya chembe nyeusi. Wenzake wakaguna.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Kidawa alisema. "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Mwanahija akaisuuza sumaku ili kila mtu aone. Hapo ndipo naye alipoona. Haukuwa mchanga wa ardhini. Vilikuwa vijinyuzi vya chuma vilivyojikunja, vya ule waya wa kusugulia masufuria, ambao yeye husugulia chekeche lake kila asubuhi. Waya wenyewe ulikuwa pale, kando ya ndoo. Akaufumbata haraka.

"Nipe hiyo sumaku, niusafishe mwenyewe," Bi Kidawa aliomba.

Akapiga magoti kando ya pipa la udongo wake ambao ulikuwa bado haujachekechwa. Sumaku ikatoka safi. Akaizamisha tena, ikatoka safi.

"Bado sijaupata huo uchafu," alisema kwa aibu, mkono umezama hadi kwenye kiwiko. "Nivumilie, mwanangu. Nitaupata tu."

Mwanahija alisimama nyuma yake, ngumi ameifumba, waya unamchoma kiganjani.