Sahani ya Tatu

Siku hizi nyumba haimfungulii bi harusi mlango mpaka kanzidata ya kwao, yaani kumbukumbu za ukoo wake kwenye kompyuta, itafsiriwe kwa lahaja ya mfumo wa nyumba hiyo. Mashavu aliitafsiri mwenyewe, pale pale kizingitini, shela kichwani, msimbo mstari kwa mstari, mawifi wakimcheka.

Mlango ukafunguka! Vigelegele vikarindima, na mawifi wale wale wakamtandikia kanga apite.

Mezani nyumba ilikuwa imeandaa sahani tatu.

"Ya tatu ya nani?" akauliza Shekue, mumewe.

"Ya marehemu bibi. Kwetu tarehe ya kufa mzee haiandikwi, tunaiacha wazi. Mfumo wetu ulielewa. Huu wenu unadhani yu hai." Mashavu akacheka kwa furaha. "Basi nimekuja naye!"

Bafuni maji yakafunguka.

"Bibi," nyumba ikauliza, "yana vuguvugu la kutosha?"

Ikasubiri jibu.