Nakala ya Tatu

Kidole cha mkuu wa usalama wa shirika la ujasusi kilishuka taratibu kwenye matokeo ya mchezo wa boling, jina baada ya jina, idara baada ya idara. Pruitt alikitazama.

"Ni gazeti letu la wafanyakazi tu, bosi. Harusi, watoto, michezo. Humu ndani hatujuani."

"Kutojuana ndiyo kazi yenyewe. Warusi wamehangaika miaka kuitafuta orodha hii, bwana mhariri, nawe umewapangia kwa timu." Akazitumbukiza nakala mbili za majaribio kwenye mfuko wa karatasi za kuchomwa. "Ulipiga chapa ngapi?"

Nakala ya tatu mke wa Pruitt aliibandika kwa fahari kwenye mlango wa friji, na asubuhi hii alikuwa amealika mtaa mzima kunywa kahawa.