Sifuri ya Nungunungu

Paliwahi kuwa na chuo cha wanyama ambako Korongo alifundisha mantiki. Kazi yake yote ilikuwa kusoma daftari lake la zamani kwa sauti, huku Kanga arobaini wakinakili. Siku moja akasoma: "Kila fisi hucheka. Kima anacheka. Kwa hiyo Kima ni fisi."

Nungunungu, aliyejifunza kusoma mwenyewe, akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, hapo umetudanganya. Hata mimi hucheka."

"Ulisoma wapi wewe?"

"Popote nilipookota karatasi."

"Basi nyamaza, uandike kama wenzako."

Kwenye mtihani Kanga waliandika maneno yale yale, wakafaulu wote. Nungunungu aliandika alichoamini, akapewa sifuri.

Mwezi uliofuata mayai ya Kanga yaliibwa, na nyayo zilikuwa za mwenye miguu mirefu. Kanga hawakujisumbua kuuliza. "Mwizi ana miguu mirefu. Mwalimu ana miguu mirefu. Kwa hiyo Mwalimu ni mwizi. Anyonyolewe!"

"Jamani, hoja gani hiyo?" Korongo akalia. "Mbuni je, hana miguu? Nungunungu, ndugu yangu, waambie!"

Nungunungu akasimama, maana hakuvumilia uongo hata ukimkuta adui yake. "Mwacheni. Hoja yenu ni mbovu."

Kanga wakatazamana. "Wewe ulipata ngapi mantiki?"

"Sifuri."

"Nani alisahihisha?"

Nungunungu akamtazama Korongo. Korongo akainamisha shingo, na Kanga wakaanzia manyoya ya mkia.