Gramafoni ya Rafu ya Chini

Pale dukani, sindano ya gramafoni ghali ilipita juu ya mkwaruzo wa santuri yetu bila kuruka, na mama akaacha kuimba.

"Hapo sivyo," alisema, akaanza kuchezea kifungo cha sweta yake.

Mama amesahau mengi siku hizi, hata jina langu. Wimbo huu hajausahau, ila anaujua ulivyokuwa ukiruka kwenye gramafoni yetu ya zamani, iliyokufa juzi.

Baba aligeuka taratibu. Ana spika zinazonizidi kimo, na mtu akikohoa muziki ukipigwa hutolewa sebuleni. Alionyesha gramafoni ya plastiki kwenye rafu ya chini.

"Jaribu ile."

Muuzaji aliguna. "Mzee, kwa spika zako zile? Si utakuwa umevaa suti na kandambili!"

"Wewe weka tu, kijana."

Muuzaji akahamisha santuri. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwenye mafua. Baba alikunja uso, akavumilia. Kwenye mkwaruzo sindano iliruka, ikameza maneno mawili, na mama akaruka nayo bila kukosea.

Kisha akautazama mguu wake, akacheka. Zamani walipokuwa wakicheza dansi sebuleni, ni hapo hapo baba alipokuwa akipoteza hatua.

"Na wewe! Umenikanyaga tena."

Baba alikuwa amesimama mbali naye, ng'ambo ya kaunta.

"Nisamehe, mama watoto," alisema, huku mkono ukitafuta pochi mfukoni.