Kijiko na Vikombe Vitatu

Saumu alikuwa amejifungulia ng'ambo, na mama yake, Bi Tatu, ambaye hajawahi kupanda ndege, alikuwa anakwenda kumlea mzazi na kumwogesha mjukuu. Mumewe, Mzee Kombo, akapanga vikombe vitatu vya kahawa mezani, akashika kijiko kiwe ndege.

"Hiki ni mji mkuu wetu. Hiki cha katikati unabadilisha ndege. Hiki ni kwa Saumu."

Bi Tatu akakirusha kijiko, akakipita kikombe cha katikati.

"Shuka hapo, Mama Saumu. Ndege hiyo haifiki kwa mwanao."

Akarudia mpaka akaweza. "Haya, nimejua," akasema, akaenda kuepua wali.

Mzee Kombo akabaki akikitazama kijiko ndani ya kikombe cha tatu.

"Mama Saumu, njoo kidogo. Sijakufundisha kurudi."

Bi Tatu akaja akijifuta mikono kwa kanga. Akakichukua kijiko, akakirusha, akapita katikati bila kushuka, akakitua kwenye kikombe cha kwanza.

Mzee Kombo alifungua mdomo amsahihishe, akaufunga. Kijiko kilikuwa bado kinalia kikombeni.