Fimbo ya Bei ya Chini Kabisa

Mke wa Nahodha alimwomba muuzaji amtolee fimbo ya kuvulia ya bei ya chini kabisa. Alipoletewa, akaitazama juu hadi chini, akauliza kama hakuna ya chini kuliko hiyo.

Nahodha alisimama nyuma yake akikodolea dari macho. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu ya Jumamosi zake. Miaka nenda miaka rudi, kila Jumamosi asubuhi huaga kwamba anakwenda bwawani, na jioni hurudi na samaki wawili kwenye mfuko wa nailoni. Fimbo, husema, anaazima kwa rafiki. Kweli yenyewe ni kwamba bwawa hilo hajawahi hata kulikaribia, na huko anakoshinda hakuna maji zaidi ya yale ya kwenye glasi. Samaki hununua njiani, wameshaparwa magamba na kutolewa matumbo.

Na huyu mwanamke, Mungu amsaidie, huwakaanga na kumsifu. Nahodha alimdharau kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Kutwa kainamia cherehani, anashona sare za watoto wa watu, na tangu Nahodha apunguzwe kazi, sare hizo ndizo zilizowalisha wote wawili. Lakini kichwani mwake, Nahodha aliamini, mlikuwa na uzi mtupu. Kumdanganya mtu wa namna hiyo hata raha hakukuwa nayo tena.

Leo, hata hivyo, mkewe alikuwa amemzulia balaa. Wakinywa chai alimwambia kwamba mtu mzima kuazima fimbo ni aibu, kwamba kaka yake amemwachia gari kwa siku hiyo, na kwamba watapitia dukani kisha amsindikize. Nahodha alijaribu kukataa: hali ngumu, kodi ya nyumba haijatimia. Mkewe akasema ndiyo maana watanunua ya bei rahisi.

Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi aliyeipenda kazi yake. Alitaka kujua mzee anavua samaki gani, kwa chambo gani, na mshipi wake wa kuvulia huwa wa unene gani. Nahodha akageukia rafu, akajifanya anachagua. Swali moja lilitosha kumuumbua pale pale mbele ya ndoano na risasi za kuzamishia mshipi, na ndoa, nyumba na chakula cha moto vyote viende na maji.

“Chambo chake ni mkate,” mkewe alijibu kabla hajafungua mdomo. “Mshipi mpe wowote. Huyu hachagui.”

Nahodha akashusha pumzi. Alimshukuru kimoyomoyo, na papo hapo akamdharau zaidi.

Muuzaji akaleta fimbo nyepesi ya kukunja, yenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, akasema kwa bei hiyo hawatapata nzuri kuliko hiyo. Mke akauliza kigurudumu kikitolewa itashuka hadi ngapi. Ikaletwa nyingine, ya kipande kimoja, haina kigurudumu wala mbwembwe. Akaipapasa, akaona ufa kwenye mshiko, akataka apunguziwe kwa sababu ya ufa.

“Mama, hii itavunjika kwa samaki wa kwanza,” muuzaji alisema.

“Haitavunjika.”

Muuzaji alimtazama Nahodha kwa huruma, naye Nahodha akainua mabega kana kwamba anasema, unaona mtu ninayeishi naye. Aliona haya kweli kweli. Mahali pengine yeye ni mtu wa kuagiza bila kuuliza bei, na hapa kasimama nyuma ya mwanamke anayebishania ufa. Mkewe alilipa, akamtwika fimbo, wakatoka.

Fimbo ilikuwa ndefu mno kwa lile gari. Nahodha aliketi ameibana magotini, ncha imetokeza dirishani, na watu barabarani wakageuka kumtazama. Akaanza kupanga uongo wake. Akifika bwawani atalalamikia upepo, kisha mgongo, kisha atamweleza kwamba kuvua ni kungoja. Mtu wa cherehani atajuaje tofauti? Na hata akitoka mikono mitupu, hakuna mvuvi asiyekosa samaki siku moja. Walipokaribia njia panda moyo ulikuwa umetulia, na akaanza kupiga mluzi.

Kibao cha bwawa kilielekeza kushoto. Mkewe akakata kulia.

“Bwawa liko kushoto,” Nahodha alisema.

“Najua.”

Mluzi ukamkauka mdomoni. Mkewe alipita duka la dawa, akampita kinyozi, akakata kona nyingine bila kumuuliza mtu njia, akasimama mbele ya geti la kijani. Mkewe akapiga honi.

Geti lilifunguliwa na mwanamke aliyevaa gauni la nyumbani, taulo kichwani, ameshaanza kutabasamu.

“Mbona leo umekuja na gari, mpenz—”

Neno likaishia hapo. Mke wa Nahodha alikuwa amekwisha kushuka na kufungua buti. Akatoa sanduku la nguo za Nahodha, akalitua getini, kisha akaja upande wa abiria, akafungua mlango, akaichomoa fimbo magotini mwa mumewe na kumkabidhi yule mwanamke.

“Hii mtaihitaji, dada, maana pesa za samaki zilikuwa zangu,” alisema. “Jumamosi unazo tayari. Nimekuletea na siku zilizobaki.”