Ngumi Isiyofika

Ngumi ya Keneth iliishia hewani tena, shubiri nzima kabla ya kulifikia bega la mwalimu wake.

"Rudia," alisema Mwalimu Maximiliana.

Akarudia. Ikaishia palepale. Vijana wanane waliokaa kando ya turubai, ndani ya ghala la zamani la pamba pale Bariadi, wakatazamana. Ilikuwa siku ya mtihani wa mkanda mweusi, na kipimo cha mwisho kilikuwa kimoja tu: dakika mbili za kupambana na mwalimu, kupiga na kupigwa kwelikweli. Asiyempiga mwalimu hapati mkanda. Maximiliana aliiweka sheria hiyo mwenyewe, na hajawahi kuilegeza kwa mtu.

Maximiliana alikasirika. Miaka thelathini na moja ya karate, halafu inaishia hivi. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Mwezi ujao angekwenda Mwanza kupasuliwa, na daktari alishamwambia asahau kurusha teke. Akiondoka bila mrithi, mwenye ghala atalijaza mahindi na vijana watarudi vijiweni. Mrithi alikuwa Keneth. Kwa miaka kumi na miwili alimfundisha huyo kuliko wengine wote.

Yeye mwenyewe alianza akiwa na miaka ishirini na tano, mji mzima ukimcheka. Mwanamke gani anarusha mateke? Aliyesimama upande wake ni marehemu mumewe, Constantine, mtu asiyeogopa mdomo wa yeyote isipokuwa wa mama mkwe wake. Akimwona yule bibi anakuja, Constantine alijitosa kwenye shamba la pamba na baiskeli yake, na bibi naye, kwa mila ya mkwe na mama mkwe kutotazamana wala kugusana, aligeuka akatazama kwingine mpaka apite. Maximiliana aliwacheka wote wawili, watu wazima wanaocheza kombolela barabarani. Yeye hakuwa mtu wa kumgeukia mtu. Ndilo somo la kwanza alilofundishwa na la kwanza alilofundisha: usimpe mgongo aliye mbele yako. La pili lilikuwa mabega. Mabega hayadanganyi, aliwaambia vijana wake. Yatazame, utajua mtu anataka nini kabla hajakifanya.

Ya Keneth yalikuwa yamemshinda kuyasoma.

Mambo yalianza baada ya Pasaka. Keneth, aliyezoea kunywa naye uji kila baada ya mazoezi, ghafla akawa hana njaa. Akawa anasimama mlangoni. Akiulizwa jambo anaijibu sakafu. Lile jina la Sensei Maxi, alilokuwa akimtania nalo miaka yote, halikutoka tena mdomoni mwake. Juzi tu, Maximiliana alipokuwa akishuka kwenye basi pale Dutwa, Keneth alimwona waziwazi, na jitu zima lenye mkanda wa kahawia likajibanza nyuma ya lori la marobota.

Watu wakamwambia kila Jumapili Keneth anaonekana Ngulyati. Huko, walisema, kuna kijana katoka Dar anafungua klabu yenye mikeka ya kisasa. Maximiliana akampigia simu binti yake, Mariana, anayefundisha shule ya msingi hukohuko. Mariana alisema hajasikia habari za klabu, kisha akauliza harakaharaka goti linaendeleaje.

Basi ilikuwa dharau. Bibi mwenye goti bovu, wa nini tena? Hilo lilimuuma kuliko goti lenyewe.

"Imebaki dakika moja," alisema mshika saa.

Maximiliana akampiga ngumi ya kifua. Keneth hakukinga. Akampiga ya pili, mdomo ukapasuka, damu ikadondokea sare nyeupe. Keneth alirudi nyuma, akajipanga, akaja tena kwenye mstari wake kwa utiifu uleule, ngumi zimening'inia chini.

"Nipige, Keneth."

"Siwezi."

"Unanionea huruma?"

"Hapana."

"Basi unanidharau. Kama umepata mwalimu mwingine Ngulyati, nenda. Lakini sema mbele ya hawa."

Mshika saa akatangaza kwamba muda umekwisha, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Maximiliana akafungua mkanda wake mweusi, uliochakaa mpaka kingo zake zikawa nyeupe, mkanda aliopanga kumfunga Keneth kiunoni siku hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Akaunyanyua ili Keneth aone vizuri anachokikosa. Alitaka kulia, na alikuwa radhi afe kuliko kulia mbele ya vijana.

"Huu ulikuwa wako," alimwambia. "Sasa nitamtafuta mtu mwingine."

Keneth akarudi nyuma hatua kwa hatua, akavuka ukingo wa turubai, akaenda mpaka kwenye mlango wa ghala. Huko akachuchumaa, akafuta damu kwa mkono, uso ameuinamisha.

"Wazee wangu wanakuja kwako leo jioni na barua ya posa, mayu," aliiambia sakafu, akimwita mama kwa mara ya kwanza. "Mariana aliniambia nisiseme, atakwambia mwenyewe. Tangu Pasaka anaogopa."

Maximiliana aliyatazama mabega yale, na sasa yakasomeka. Kisha akauweka mkanda chini, katikati ya turubai, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja akampa mgongo mtu aliyekuwa mbele yake.